Ndugu K. Lugembe

Mtendeni, Tabora
14 Septemba 1974

Baba yangu, Mzee Lugembe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya, na mguu wa Mama uwe umepungua uvimbe. Mimi ni mzima. Ninalala kwa Bi Khole, mjane wa Mwarabu muuza vitambaa, naye anakusalimu.

Umeuliza kwa nini unga ninaotuma haufikii ule niliouahidi. Barua ya kazi, ambayo uliisoma mwenyewe, ilimwita Ndugu K. Lugembe, karani wa ghala la tumbaku. Nilipofika, mkuu wa ghala, Bwana Mahona, alitazama nyuma yangu akauliza huyo ndugu mwenyewe yuko wapi. Nikasema ndiye mimi, Koleta. Akacheka, akasema walidhani ni mwanamume, kisha akakata theluthi ya mshahara. Marko, niliyeajiriwa naye siku moja, alifeli kidato cha nne nilichofaulu. Hana mke wala mtoto. Analipwa mshahara wote, na hesabu zake ninamsahihishia mimi.

Nilikwenda kulalamika. Mahona akasema mwanamke hulishwa na mumewe. Nikamwambia mimi ndiye ninayewalisha watu saba Nzega tangu mvua ikatae. Akajibu kwa sauti, wapagazi wote wasikie, kwamba basi baba yangu ndiye aliyeolewa. Walicheka mpaka wakatua magunia.

Baba, tulikubaliana. Unga ukitosha, mdogo wangu Paskazia angefanya mtihani wa darasa la saba; usipotosha, ungepokea ng'ombe wa mahari wa Mzee Anton. Haukutosha. Umewapokea, na shuleni umesema ameshaolewa.

Sasa usimtafute kwa shangazi kule Isikizya. Yuko hapa kwangu tangu Jumapili. Alidandia lori la pamba. Jina lake limefutwa shuleni, mtihani umempita. Anachambua majani ya tumbaku ghalani kwetu, kwa ujira mdogo kuliko wangu. Tunakula mara moja kwa siku. Mwezi huu unga hautakuja, na wanaolala njaa huko nawajua kwa majina. Hata hivyo harudi. Warudishe ng'ombe.

Msalimie Mama, na wadogo zangu kila mmoja kwa jina lake. Mzee Anton akiuliza nani kamchukua mchumba wake, mwambie ni ndugu yake Paskazia. Atadhani ni mwanamume. Msahihishe.

Ni mimi mwanao,
Ndugu K. Lugembe