Nilivyompeleka Dada Yako Misri

Shemeji Faida wa Uvira,

Pokea salamu za huku Minto, Sydney. Korona imetufungia ndani, lakini mimi jana nimefika Misri! Mjukuu aliunganisha televisheni na intaneti, na kiongozi wa watalii, akiwa kule kule na akituona kwa kamera, akatutembeza mahekalu ya kale jioni nzima. Nilivaa suti na viatu, nikafunga mihogo na visamaki vya ndagala vya njiani, maana mimi sisafiri ovyo. Kiongozi alinisalimia wa kwanza, Wazungu tuliokuwa nao kwenye ziara wakanitazama kutoka majumbani kwao.

Unajua dada yako, tangu aone maziko ya mama yenu kwa simu, hatoki chumbani. Jana harufu ya ndagala ikamtoa.

"Mzee, viatu sebuleni?"

"Niko hekaluni, usipige kelele."

Akacheka, Shemeji! Akakaa, akala. Alipoona zile nguzo nene kama nyumba, akasema, "Mama angeuliza nani anafagia huku." Ni mara ya kwanza kumtaja bila kulia.

Leo amejipigia pasi kitenge, ananiuliza kesho twende wapi. Basi lala usingizi, Shemeji, Mungu awalinde wote.

Ni mimi shemeji yako Byamungu, msafiri mkubwa wa Minto.