Misalaba Myekundu Katika Daftari Lako

Mwalimu Ouma, rafiki yangu,

Nimetoka jela Jumanne. Nilimvunja mtu taya kwa nyundo, na mtu huyo ndiye aliyekuua. Nilidhani nikishafanya hivyo nitapata usingizi. Sijaupata. Nakuandikia kwa sababu kuna neno lililohitajika siku ile nami nikalimeza, na wewe ulikuwa unanitazama.

Nivumilie nianze mbali kidogo.

Ulikuja kibandani kwangu Migori mara ya kwanza ukiwa na redio iliyofungwa kwa kamba ya katani. Hukuniuliza bei. Uliniuliza kama itapona kabla ya saa kumi Jumamosi, kwa kuwa timu ya taifa ilikuwa inacheza. Mimi ni mtu wa Mumias, sikuwa na ndugu Migori. Nilikuwa nimekuja na sanduku la bisibisi na mswala wangu basi. Nikakwambia, "Haitapona, lakini njoo usikilizie hapa." Ukaja na daftari nene, kaunta buku iliyofunikwa kwa gazeti, ukaketi juu ya kreti ya soda, na mtangazaji alipoanza kutaja majina ukayaandika yote, kumi na moja na wa akiba, kila mmoja na namba yake. Aliyefunga, ukaweka dakika. Aliyeumia, duara. Aliyetolewa nje kwa kadi nyekundu, ukamwekea msalaba mwekundu kwa ile kalamu yako ya kusahihishia mitihani.

Tulifanya hivyo miaka minne. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati. Mechi ikiangukia saa za darasa uliniachia daftari, nami nikaandika huku nimeshika chuma cha kuchomelea kwa mkono mwingine. Ndiyo sababu karibu nusu ya daftari lile ni mwandiko wangu. Ulinicheka kwamba naandika saba kama moja.

Kisha ukaanza kurudi nyuma, kutafuta mechi za zamani, zile za kabla hatujazaliwa. Ukakwama kwenye moja. Gazeti moja lilisema tulitoka sare ugenini, jingine likasema tulifungwa. Wiki nzima ulikuwa kama mtu mwenye jino bovu. Ukasikia kwamba golikipa wa siku ile yuko hai, anaendesha mtambo wa kusaga unga Homa Bay. Ilikuwa wakati wa kampeni, barabara zimechafuka, watu wanachomewa nyumba kwa sababu ya kura. Nilikwambia tungoje. Ukasema, "Fundi, yule mzee naye atangoja?"

Tukaenda.

Ile asubuhi ningeipenda sana kama isingekuwa na mchana wake. Mzee alitoka mtamboni mweupe kwa unga mpaka nyusi, vidole vyake vimepinda kila kimoja upande wake. Alikusikiliza, halafu akainua mkono wa kushoto akagusa chini ya kwapa. "Ilinipita hapa," alisema. "Tulifungwa. Watu huja kuniuliza niliyodaka. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza iliyonipita." Ukaandika. Tulipotoka nje ulikuwa unacheka peke yako, mtu mzima, umefurahi kwamba nchi yako ilifungwa. Ukaniambia kufungwa nako kuandikwe, la sivyo daftari tulitupe ziwani.

Tulipata pikapu ya mahindi ya kurudi. Tulikaa nyuma juu ya magunia, sisi wawili na mama wawili wa sokoni. Kama saa nane, jua likiwa kali, tukakuta mawe na gogo barabarani karibu na daraja dogo. Vijana walitoka majanini na mapanga na rungu. Dereva alijaribu kurudi nyuma, jiwe likapasua kioo, akaruka na kukimbia.

Aliyekuwa akiwaamuru alivaa koti la mvua la kijani katika jua lile. Sura yake sikuishika vizuri, maana aliponinyooshea panga lake niliangalia panga. Lakini sauti niliishika. Kazi yangu ni sauti, Mwalimu. Yake ilikwaruza kama spika iliyotoboka, na kila sentensi aliimalizia kwa kukohoa kidogo.

Mama wawili waliambiwa waende. Sisi tukaambiwa tulale chini, tukapekuliwa. Kwangu walikuta kofia ya kuswalia na kitambulisho cha Mumias. Kwako walikuta daftari.

Alilifungua. Akaanza kusoma majina kwa sauti, na majina ya timu ya taifa unayajua, ni ya kila kabila.

"Hii ni list ya nani?"

"Ni wachezaji, ndugu yangu," ukamjibu, tena kwa upole ule wa darasani. "Ni mambo ya mpira tu."

"Na hii misalaba nyekundu?"

"Hao walipewa kadi."

Akafunua ukurasa mwingine. Halafu akauliza, "Kadi ya chama gani?"

Nilisikia ukicheka. Kicheko kidogo tu, cha mtu aliyeona kosa dogo la mwanafunzi. Nafikiri ndicho kilichokumaliza. Mmoja wao akapiga kelele kwamba misalaba ni watu watakaochinjwa, kwamba jina la mjomba wake limo. Rungu la kwanza likakupata gotini. Ulilia, kisha ukaita, "Fundi, waambie."

Yule wa koti akanigeukia. Alinishikia daftari usoni, limefunguliwa kwenye ukurasa niliouandika mimi. Saba zangu zote zilikuwa pale.

"Wewe. Unajua hii kitu?"

Nikasema, "Siijui. Huyu simjui. Nimepanda tu gari."

Uliinua kichwa ukaniangalia. Hukuwa na hasira. Ulikuwa kama mtu anayengoja aliyekosea ajisahihishe. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Mwalimu. Sikusema.

Akanirudishia kitambulisho. "Huyu ni wa biashara. Enda. Usiangalie nyuma." Nikaenda. Nilitembea, sikukimbia, nikiogopa kwamba nikikimbia watanifuata. Nilisikia kila kitu. Panga likikata nyama na mfupa lina mlio wake, nami nimeumbwa na masikio ya kukumbuka milio. Uliita jina langu mara mbili, halafu ukaita la mkeo, Atieno, halafu ukawa unaita tu bila neno. Mmoja alikuwa anacheka. Mwingine akasema, "Basi, imetosha," akaambiwa anyamaze.

Kesho yake nilirudi na polisi. Ulikuwa mtaroni. Mikono ulikuwa umeikinga kichwani, kwa hiyo iliharibika zaidi ya kichwa. Daftari lilitupwa majanini, kurasa zimegandana kwa damu. Nililificha ndani ya shati kabla hawajaliona. Nilipoandikisha maelezo, nikasema nilikuwa nyuma kwenye gari jingine. Atieno nikamwambia tuliachana Homa Bay. Tulikuzika kwenu Sindo, nikabeba jeneza upande wa miguu, na wanao wakanishika mkono.

Na niliendelea kwenda Sindo, Mwalimu. Kila likizo ya shule niliwapelekea wanao madaftari na kalamu, na mkeo akanikaangia samaki, akaniita shemeji. Nilikula.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, mtu aliingia kibandani na redio ndogo. Nilikuwa nimeinama, nachomelea waya.

"Fundi, nitengenezee haraka. Kesho timu yetu inacheza." Akakohoa kidogo.

Sikuinua kichwa. Nilisema nitaitazama. Akaketi kwenye kreti. Alikuwa amenenepa, ana saa mkononi, na hakunikumbuka hata chembe. Akaanza kuzungumza habari za mpira, akiwalaumu mabeki. Halafu akauliza, "Hawa watu wa kesho, tumewahi kuwafunga kweli?"

Jibu nilikuwa nalo. Liko ukurasa uliogandana na mwingine, ambao niliutenganisha kwa mvuke wa birika. Aliniuliza mimi kitu ambacho uliuawa kwa kukiandika.

Nilichukua nyundo. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, meno yakaruka juu ya meza yangu. La pili likavunja taya, niliusikia mfupa ukiachia. Alianguka na kreti, nikamkalia kifuani, na kile chuma cha kuchomelea kilikuwa bado cha moto, Mwalimu, nikakiweka shingoni mwake nikamwambia aseme jina lako. Hakulijua. Ndilo lililonitia wazimu, kwamba hakulijua. Alikuwa akigugumia damu na kutikisa kichwa. Muuza nguo jirani na wanaume wengine watatu ndio walionitoa. Wangechelewa kidogo ningemuua, na sitaki nikudanganye, nilikuwa nataka.

Mbele ya hakimu niliulizwa nina nini cha kusema. Nilikubali kosa. Halafu nikasema sababu, yote, koti la kijani, kadi, na lile neno nililolimeza. Mahakama ilijaa. Sikujua kwamba Atieno alikuwa ameketi nyuma, amekuja kunitolea dhamana kama shemeji.

Alinifuata uani nikiwa na pingu. Askari alimwachia njia. Alinipiga kofi, akanipiga la pili, sikukwepa. "Umekula samaki yangu miaka hii yote," alisema. "Japuonj, mwalimu wangu, alikuita, na wewe ukatembea." Akaondoka. Miezi minne jela Homa Bay hakuna aliyekuja kuniona, na sikustahili wa kuja.

Yule mtu alikamatwa akiwa bado na nyaya za kufungia taya mdomoni. Maafisa walichukua daftari, na dereva wa pikapu akapatikana. Kesi yako inaanza Homa Bay Jumatatu. Ndugu zake wamenitumia salamu. Juzi wamechoma kibanda changu, redio za watu zikayeyuka zote, na ukutani kuna maandishi kwamba nitalala mtaroni kama wewe. Naogopa.

Jana nilikwenda Sindo. Nilisimama nje ya boma, sikuthubutu kuingia. Atieno alitoka, ameota mvi nyingi tangu mahakamani. Hakunikaribisha kiti. Hakuniita shemeji. Aliniuliza maneno yako ya mwisho yalikuwa yapi, nikamwambia kwamba jina lake lilikuwa la mwisho kutamkwa vizuri. Alikaa chini pale pale mchangani. Nilitaka kumwinua nikaona mikono yangu haifai.

Akiwa bado mchangani akasema, "Jumatatu nitakaa mbele kabisa. Wakili wao atataka uonekane muongo. Kwa hivyo sema yote, fundi, hata yale yako."

Sikuombi msamaha, rafiki yangu. Ningekuomba ukiwa hai ungenipa haraka mno, nakujua. Lala huko Sindo karibu na maji, mimi nitafika Homa Bay hata ikibidi nitembee kwa miguu. Nitaapa, nitamtazama mkeo, nisimtazame yule mtu. Nakuahidi kwamba kabla sijasema alichofanya yeye, nitaanza na yangu.

Ni mimi,
Fundi wako, Swaleh