Prosesa ya Kuonyeshea Wageni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Aibu tupu. Mama Khalayi amekuja kutoka Lumakanda na watoto wake kuona mchoro wa nyumba yao. Mashangazi pia, bila shaka — huku hakuna anayejenga kabla ukoo haujakagua. Mama akataka "kuingia" ndani, kwenye skrini. Kufika mlangoni, kompyuta ikaganda. Akauliza: "Sasa mimi siku yangu ikifika, sanduku itapita hapa? Itageukia wapi?" Swali la maana kuliko yote niliyoulizwa chuoni! Sebule isiyoweza kumlaza marehemu si sebule. Jibu nilikuwa nalo, ila skrini imekufa. Sifuna akacheka, akawaambia eti Edah bado anazoea mashine. Miaka sita tunaendesha ofisi hii pamoja, mimi nachora, yeye anaongea. Bado nazoea!

Jioni nimeupanua mlango kwenye mchoro, sanduku ligeuke bila shida.

Jumatano, 5 Machi

Tunanunua kompyuta mpya, hatimaye. Tunachogombania ni prosesa, ule ubongo wa mashine. Mimi nataka ile ya viini vingi. Kurenda — kugeuza mistari yangu iwe picha yenye jua na vivuli — ni kazi ya kugawana, kila kiini na kipande chake. Sasa hivi picha moja inakula siku nzima, nami naikalia kama mtoto mwenye homa. Sifuna anataka ya viini vichache vyenye kasi, ili mteja akizunguka ndani ya nyumba isigande. Hajakosea, na hilo ndilo linaniudhi. Yake inafaa kuonyesha. Yangu inafaa kutengeneza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemweleza tena, kwa upole. Amesema sawa Edah, fundi ni wewe, nimekusikia. Nimefurahi kama mjinga. Nimenunua hata mandazi.

Jumanne, 11 Machi

Viini vichache.

Nimesoma boksi mara mbili. Nikamuuliza: na kurenda je? Macho yake kwenye simu. Akasema itakuwa ikienda Kisumu, kuna kijana anaitwa Tyson, ana mashine kali. Na mimi? "Wewe utakuwa unasaidia-saidia hapa. Wageni, simu. Kazi haikosanganga, Edah."

Kumbe alikuwa ameshachagua mtu, mimi nabishana naye juu ya prosesa! Nimeumia. Nimeumia sana, na bado nimeifunga mwenyewe ndani ya kompyuta, maanake yeye hajui hata inakaa upande gani.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Khalayi na watu wake wamerudi. Wako chumba cha mbele. Mashine inateleza! Wanaingia sebuleni, wanatoka, wanaingia tena. Nasikia Sifuna akiwaonyesha upana wa mlango na jinsi sanduku litakavyogeuka. "Hapo nilifikiria sana, mama." Alifikiria! Mama anamshukuru, anamwita mwanangu.

Mimi niko huku nyuma kwenye kompyuta ya zamani, namnakilia Tyson kwenye flashi makusanyo yangu ya picha, zile ninazovisha kuta za michoro. Matofali ya Ekero. Mawe ya Ilesi. Udongo wa Lumakanda baada ya mvua. Mabati yaliyopauka. Miaka sita ya kupiga picha kuta za watu nikifukuzwa na mbwa, ili nyumba zetu zifanane na za huku, si za kwenye magazeti ya Ulaya. Bila hayo, nyumba ya Mama Khalayi ni maboksi meupe. Sifuna ameomba vizuri kabisa: mpatie Tyson, atayahitaji.

Amechungulia sasa hivi. Imemaliza? Nimesema bado, si unaijua hii mashine.

Imemaliza kitambo. Flashi iko kwenye pochi yangu. Kwenye kompyuta nimefuta yote. Naandika hapa nikijifanya naisubiri.

Huko mbele Mama Khalayi anauliza kama anaweza kuiona nyumba ikiwa na matofali yake. Sifuna anamwambia hilo si tatizo, mama, Edah analeta sasa hivi.

Ananiita.