Viazi vya Bibi Havikukubali Kisarawe

Jumamosi, 22 Februari 2025
Pangani, Kibaha

Joto. Tangu asubuhi hakuna jani linalotikisika, na panga boi la sebuleni linazungusha hewa ile ile ya moto. Nimekaa barazani na simu ya Mama, vumbi la Kisarawe bado liko kwenye vidole vyangu vya miguu, na nimejiwekea ahadi: leo nitaeleza yote hapa kwenye blogu yangu, hata yale yanayonitia aibu. Mama ameniruhusu, mradi nisitaje majina ya watu wazima.

Bibi anataka kurudi Njombe.

Bibi ni mama yake Baba. Alikuja kwetu mwaka juzi kwa sababu ya magoti. Kwao, baridi ya Juni na Julai ikiingia, alikuwa hawezi kuinuka kitandani mpaka ashikwe mkono. Daktari akashauri ahamie mahali penye joto. Baba akafurahi sana. Yeye ni mtumishi wa serikali, anaondoka hapa alfajiri kwenda kazini Dar na kurudi giza limeshaingia, na miaka yote alikuwa anaumia kwamba mama yake yuko mbali. Kitanda cha pili kikaingizwa chumbani kwangu, na Bibi akawa wangu.

Joto lilifanya kazi yake. Ilipofika Pasaka, Bibi alikuwa anapanda ngazi za kanisani bila fimbo. Mchungaji alimtaja kwenye shukrani.

Ndiyo maana aliposema anataka kurudi, sikumwelewa hata kidogo. Shuleni, mwalimu wetu wa Jiografia alituchorea mishale ubaoni kuonyesha kwa nini watu wanahama: kufuata kazi, shule, hospitali, hali nzuri ya hewa. Mishale yote ilikuwa inakwenda. Nikanyoosha mkono nikauliza, na wanaorudi je? Akasema ni swali zuri, nikalifanyie utafiti.

Utafiti wangu una mtu mmoja, na anakoroma.

Nilianza kwa kumuuliza moja kwa moja. Akanijibu huku akijipaka mafuta miguuni: "Mjukuu wangu, nimepata miguu, sina pa kwenda." Nilidhani ananitania. Kisha nikaanza kuutazama mtaa wetu kama anavyoutazama yeye. Asubuhi mageti yanafungwa, watu wanakwenda Dar. Mchana kuna kuku na watoto wadogo. Jioni watu wanarudi wamechoka, mageti yanafungwa tena. Kwao Njombe, anasema, jioni watu wanaingia jikoni kwake bila kubisha hodi. Anayeingia anasogeza kuni kwanza, moto ukikaa vizuri ndipo anasalimia, na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Kafuata moto. Habari zote za kijiji zinapita hapo.

Sisi tunapikia gesi. Siku moja nilimkuta Bibi amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la gesi, mikono mapajani, anausubiri ubwabwa uive. Nilimwambia, "Bibi, toka huko, joto litakuua." Akatoka. Sasa naona kwamba hakuwa anausubiri ubwabwa.

Mara nyingine tulikwenda sokoni Maili Moja, akamsikia muuza viazi mviringo akimsalimia mwenzake, "Kamwene." Bibi akageuka kama aliyeitwa kwa jina. Alishikana mikono na yule mama, mgeni kabisa kwetu, mpaka nikaona haya. Walizungumza Kibena, nami sikuambulia neno. Tulirudi nyumbani na viazi vingi kuliko tulivyohitaji.

Hapo ndipo likaanza jambo la viazi.

Novemba iliyopita Bibi alichagua vile vilivyoanza kuchipua na kusema atavipanda kwenye shamba letu la Chole, Kisarawe, ambako tuna mihogo na mikorosho michache. Kwao, mvua zikianza Novemba, watu wanaingiza viazi ardhini, na mvua haiwaachi mpaka Aprili. Mama alijaribu kumweleza kwamba mvua za vuli za huku zinaonja tu na kuondoka. Bibi akasema, "Tuone. Vikikubali, na mimi nitakubali."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Vikikubali, atabaki.

Basi niliviombea viazi. Sijui kama ni dhambi. Kila usiku baada ya sala ya pamoja nilibaki na sala yangu ndogo, nikimwambia Mungu habari za matuta ya Bibi. Wakati wa Krismasi yalikuwa yamefunikwa na majani mazito, ya kijani hasa, na Bibi alipiga picha amesimama katikati yake. Niliamini nimejibiwa. Hata Januari mvua zilipokatika na jua likaanza kuchoma, jirani yetu wa shamba, mama mmoja wa Kizaramo ambaye wamekuwa mashoga na Bibi, aliendelea kuyamwagilia kwa ndoo.

Leo tumekwenda kuvuna. Baba alituendesha mwenyewe. Kabla hatujaondoka aliniita pembeni ya gari akaniambia, "Wewe anakusikiliza. Ukipata nafasi mwambie abaki, angalau mpaka umalize Kidato cha Nne." Nikaitikia. Nilikuwa nalitaka jambo hilo hilo, kwa hiyo halikuwa agizo gumu.

Bibi akapiga jembe la kwanza. Akafukua kwa mikono. Kulikuwa na mizizi, na kwenye mizizi kulikuwa na vijiviazi kama gololi. Tuta la pili, hivyo hivyo. Baba akavua shati la kazi akachukua jembe, akalima kwa hasira kana kwamba viazi vimejificha makusudi. Tuta zima likatoa kilichojaa viganja viwili.

Jirani yetu akaja na kanga yake begani, akachungulia, akashika kiuno.

"Ehee, Bi Njombe! Ardhi umeipa viazi, nayo imekurudishia majani!"

"Nyamaza wewe," Bibi akamjibu. "Ungepanda muhogo wako kwetu, ungevuna barafu."

"Niletee hiyo barafu, shoga, nitie kwenye maji! Huoni tunavyoungua?"

Wakacheka mpaka Bibi akakaa chini kwenye tuta. Alicheka muda mrefu, kisha kicheko kikaisha na yeye akabaki amekaa, anavisugua udongo vile vijiviazi kimoja kimoja. Niliketi karibu yake. Nafasi ndiyo ilikuwa ile. Nilikuwa nimeshaipanga sentensi yangu vizuri, ina mtihani wangu ndani yake, ina magoti yake, ina hata habari za hospitali iliyo karibu.

Sikuisema.

Nilimtazama usoni nikaona kwamba akisikia mtihani wangu, atabaki. Angebaki kwa ajili yangu na asingelalamika hata siku moja. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Tukiwa njiani kurudi, Bibi akasema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu, nirudishe nyumbani."

Baba akaingiza gari barabara ya lami. "Mama, umekosa nini kwangu?"

"Sijakosa kitu. Ningekosa kitu ningekuomba uninunulie."

"Na watu je? Watasema mke wangu amekushinda."

Mama, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka. "Acha waseme, Baba Neema. Mimi na mama tunajuana." Bibi akamgusa bega.

"Na magoti?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilitazama nje ili asinione kwenye kioo.

"Yakiniuma nitakaa. Kule nikikaa, watu wanakuja nilipokaa."

Sijui kama hilo ndilo jibu la swali langu la Jiografia. Nilikumbuka mzee mmoja jirani yetu aliyestaafu, akauza nyumba yenye bomba na kisima, akarudi kwao Lushoto. Mtaa mzima ulisema amechanganyikiwa, na mimi nikasema pamoja nao. Labda naye alikuwa amechoka kukaa mahali ambapo akikaa, haji mtu.

Jioni hii, tulipomaliza kula, Baba alitoa uamuzi wake. Bibi anaweza kwenda baada ya Pasaka, ila kwa sharti moja: awepo mtu wa kulala naye nyumba moja. "Simrudishi mama yangu kwenye nyumba tupu. Asipopatikana mtu, tusizungumze tena." Bibi akainamisha kichwa. Vijana wa ukoo wengi wako Dar, Mbeya au Makambako. Tulitajiana majina, na kila jina lilikuwa na mahali pengine pa kuwa. Ndipo Baba akasema kesho baada ya ibada atampigia simu shangazi, amuulize kuhusu binti yake.

Binti yake ni wewe, Tumaini.

Najua utasoma hapa, kwa sababu kila nikiandika, wewe ndiye wa kwanza kuacha maoni. Umemaliza Kidato cha Nne, unajifunza ushonaji Njombe mjini, na kutoka kwa Bibi mpaka kwa fundi wako si mbali sana kwa bodaboda. Ndiyo maana wamekufikiria. Lakini watu wazima wakishakubaliana kwenye simu, wewe utaambiwa tu siku ya kuhamisha begi. Mimi nataka kukuuliza kabla hujaamuliwa.

Nitakueleza ukweli wote. Anakoroma, hilo nimeshalisema. Anaamka kusali kwa sauti kabla jogoo hajawika, na anasali kwa majina, kwa hiyo utasikia jina lako hata siku uliyomkosea. Juni atahitaji mkono wa kumwinua kitandani. Watu watakuwa wanaingia jikoni wakati umechoka na unataka kulala. Atakusuka bila kukuuliza mtindo unaoutaka, na ukiwa na huzuni hatakuuliza kitu, atakusogezea tu kigoda.

Ukisema hapana, sitakulaumu, wala sitakubali mtu akulaumu. Na kwa kuwa nimeahidi kueleza yote: upo upande mmoja wa moyo wangu unaotamani useme hapana, ili kitanda cha pili kisibaki kitupu. Usiusikilize huo. Jisikilize wewe.

Ibada yetu inatoka saa nne, Tumaini. Nijibu kabla ya hapo: si kama utakubali, maana najua ukiambiwa utakubali. Je, wewe mwenyewe unataka kukaa na Bibi?