Haya Nusa, Mwanangu

Shikamoo, Baba.

Leo nimefunika cherehani mapema ili nikuandikie. Niko kwenye kibaraza kilekile cha Majengo ulichonitafutia, ila usingekitambua. Maduka yamejaa sabuni za kila namna na foleni hakuna tena. Mitumba imeninyang'anya wateja, naishi kwa sare za shule. Ushirika wenu nao umechoka, tumbaku sasa wananunua watu binafsi. Natamani ningekusikia ukilalamika.

Lakini sikukaa hapa kwa ajili ya sabuni. Unakumbuka nilivyokuwa nakunusa mdomo? Mama alinituma mimi kwa kuwa nilikuwa kipenzi chako. Ulikuwa unarudi kutoka ghala la tumbaku miguu ikienda kombo, mikono ikirukaruka, ukifika mlangoni unainama: "Haya nusa, mwanangu." Nanusa. Siku zote ni tangawizi ya chai yako. Nami namwambia Mama umezidi ujanja, unaficha pombe kwa tangawizi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, najiona mpelelezi. Ukaachishwa kazi kwa ulevi, na bado ukaendelea kuniinamia.

Siku ya kuondoa matanga yako, mdogo wako, Baba Mdogo Osmund, alisimama mbele ya ukoo akasema pombe ndiyo iliyokumaliza, vijana wajifunze. Nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimekulisha uji kitandani miaka miwili, na kitandani hukunywa pombe. Nikanyamaza.

Sasa sikia. Baba Mdogo naye alianza kuangukaanguka. Yeye, ambaye hata togwa ikichachuka kidogo haigusi! Nikampeleka hospitali, tukamkuta daktari wa ubongo kutoka Dar es Salaam, mama wa makamo, anayetafiti magonjwa ya ubongo yanayorithiwa. Alikuwa anachora ukoo wetu kwenye daftari, mwanamke duara, mwanamume mraba. Akauliza nani mwingine aliumwa hivi. Baba Mdogo akasema hakuna, ila marehemu kaka yake alikuwa mlevi. Daktari akamwomba aonyeshe mlevi huyo alivyokuwa akitembea. Akainuka, akakuigiza mpaka dirishani, akakupatia hasa. Kisha daktari akasema taratibu, "Sasa rudi kwa mwendo wako, mzee." Akarudi. Baba, ulikuwa mwendo uleule.

Akakaa, akabana mikono katikati ya magoti, akalia. Damu yake ilipelekwa nje na majibu yakaja: ni ugonjwa wa kurithi, unakula ubongo polepole, dawa ya kuuponya haijapatikana. Kila mtoto wa mgonjwa anaweza kuupata au kuukosa, kama shilingi inayorushwa. Mraba wako daktari akaupaka wino, alama kwamba nawe uliugua. Nikamwomba aje awaambie ndugu. Akakataa, siri ya mgonjwa si yake kuitangaza, tukitaka tuseme wenyewe.

Jumamosi tulilijengea kaburi lako huko Matogoro. Nilikuwa nimejiandaa kukusafisha jina. Lakini kusema hukuwa mlevi ni kuwaambia ndugu wote kwamba ugonjwa huenda umo ndani yao, na mdogo wangu Gaudensi anaoa baada ya Pasaka, wakwe walikuwepo. Baba Mdogo akanitangulia. Alisimama bila fimbo, mwili mzima ukicheza, akaacha watu wamtazame. "Mnaniona? Mimi sinywi. Kaka naye hakunywa. Nilimsingizia." Alisema mara tatu. Ndipo nami nikapata sauti, nikaeleza yaliyobaki.

Wakwe waliondoka bila kula. Binti yao alibaki, akaosha vyombo pamoja nasi. Harusi sijui itakuwaje.

Mimi sijapima. Naogopa, Baba, nakwambia wewe tu. Jana mkasi uliniponyoka, nikakaa nautazama sakafuni. Labda ni mkasi tu.

Nisamehe kwa kila siku uliyoniinamia nisikuamini. Pumzika sasa, jina lako ni safi. Wanangu nimeshawaambia kila kitu, na nakuahidi hili: siku nikifika mlangoni nayumba, watanishika mkono waniingize ndani. Hakuna atakayeninusa.

Mwanao,
Benedikta