Awino Alikuwa Akiongoza Tano kwa Nne

Jumapili, saa kumi jioni. Homa Bay kuna jua kali leo, jua la kuudhi, utadhani mvua ya Ijumaa haikunyesha kamwe.

Bado nimeduwaa.

Mnaosoma blogu hii mnajua kwamba wiki nzima nimekuwa nikiweka hapa ratiba na matokeo ya mashindano ya tenisi ya vijana, makubwa kuliko yote tuliyowahi kuletewa pande hizi. Kila jioni refa mkuu hunipa majina ya waliobaki, nami hupanga nani acheze uwanja gani na awe wa ngapi, kisha nabandika karatasi langoni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo wananiamini kwa mambo ya majedwali. Ila matokeo ya Ijumaa sikuyaweka, na wengi mmeniuliza kulikoni.

Awino ni mtoto wa dada yangu wa Kendu Bay. Wiki hii amekaa kwangu. Ana miaka kumi na minane, na huu ndio mwaka wake wa mwisho kwenye mashindano ya vijana. Ijumaa ilikuwa robo fainali ya wasichana, na washindi wanne wangeitwa kambi ya timu ya taifa. Alipangiwa Boke, msichana wa Isebania, mwenye mkono wa kushoto na hasira za karibu.

Mechi yao ilikuwa ya nne, ya mwisho. Nilikadiria wataanza saa tisa. Saa nane mvua ikashuka kutoka ziwani, ikatukalisha karibu saa mbili nzima, halafu tukapiga deki uwanja kwa magunia. Walianza saa kumi na nusu.

Awino alishinda seti ya kwanza, akapoteza ya pili. Ya tatu ilikuwa vuta nikuvute hadi akaongoza gemu tano kwa nne, na zamu ya kuanzisha mpira ikawa yake. Gemu moja tu imebaki. Mimi kwenye meza ya matokeo nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani sentensi za kujisifu hapa.

Akatazama ziwani. Akarudisha mpira mfukoni, akatembea hadi wavuni, akamnyooshea Boke mkono.



Boke hakuelewa. Refa akashuka kitini, akamwambia mwanga bado upo, acheze au ahesabiwe amejitoa. Awino akasema sawa, amejitoa. Sisi ni Waadventista. Sabato yetu huingia jua likizama Ijumaa, na likishazama, kazi na michezo huwekwa chini. Najua hivyo tangu utotoni. Mimi ni shemasi.

Na huyo shemasi akasimama mbele ya watu wote, akapaza sauti: "Awino, maliza tu hiyo gemu moja. Mungu anaelewa."

Aligeuka, akanijibu polepole, bila ukali: "Nera, si ni wewe uliandika saa?"

Nera ni mjomba. Na saa niliandika mimi kweli. Kila Alhamisi naandika kwenye ubao wa kanisa saa ya machweo, ili watu wajue wafunge maduka saa ngapi. Alhamisi hii niliandika saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Nikapangusa chaki, nikaenda nyumbani, nikapanga ratiba ya Ijumaa. Sikuziweka saa hizo mbili pamoja kichwani hata mara moja.

Kisha, Sabato ikiwa imeshaingia, nikachukua kalamu nikajaza fomu, maana refa alikuwa amenisimamia.

Uwanja namba moja, mechi ya nne: Awino 6-4, 4-6, 5-4, amejitoa. Boke anaendelea.

Jana kanisani watu walinishika mkono. Pole mwalimu, mvua imetuharibia. Nikajibu, ndiyo, mvua. Jua lilipozama jana, dada yangu akapiga simu. "Hiyo mvua, ndugu yangu, iliona mtoto wangu tu?" Nikamwambia mvua haina adabu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, na kidogo nicheke.

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu. Refa hakujali nani aanze. Nilimweka Awino mwisho kwa sababu nilitaka walimu wenzangu watoke shule wamkute uwanjani, na watu wa maofisini pia, waone mpwa wangu akishinda. Nilitaka nipongezwe. Basi.

Leo asubuhi Boke alifungwa nusu fainali, seti mbili kavu. Awino alikuwepo, akimpigia makofi tangu mpira wa kwanza. Saa nane akabeba begi lake, akanishukuru kwa kumkaribisha, akaondoka. Karatasi ya ratiba aliiona langoni siku ile yote. Anajua fika ningeweza kumtanguliza. Hajanisema kwa mama yake, hajanisema kwa mtu yeyote, na hilo ndilo linalonikosesha pumzi tangu alipotoka mlangoni.

Kesho, baada ya kipindi cha mwisho, naenda Kendu Bay. Nitakaa sebuleni kwa dada yangu, Awino akiwepo, nimwambie kwamba binti yake angecheza saa tano asubuhi na kumaliza kabla ya wingu la kwanza, na kwamba aliyemweka jioni ni mimi.