Mpishi wa Jiko la Mama

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa mgongo wangu unanikumbusha kila shimo nililopita na lori, na baba yako macho yanamsumbua akikaa sana na skrubu za saa. Natumaini unakula. Nacheka nikiandika hivyo, maana dunia nzima inakuona ukila.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu nilikutumia ujumbe kwa simu nikikuuliza kama homa imepona, nikajibiwa: "Asante sana shabiki wetu! Endelea kutufuatilia!" na kopa nyekundu juu. Mimi niliyekuzaa! Huyo binti anayekujibia mpe salamu zangu. Barua hii nampa dereva mwenzangu akukabidhi mkononi.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa kwa fundi wa matairi, televisheni yake imewashwa, mara nakuona wewe, Mpishi Mwiko mwenyewe, kwenye hicho kipindi chako cha Jiko la Mama. Unakoroga maharage huku unasimulia jinsi nilivyokuwa nikikuamsha kwa harufu ya kitunguu. Fundi akafuta machozi kwa kitambaa cha grisi. Alipojua mimi ndiye mama wa kwenye hadithi, akaniomba siri ya maharage yale. Nikamwambia siri ni subira, nikapanda lori nikaondoka mbio.

Wewe unajua na mimi najua. Asubuhi hizo nilikuwa barabarani na shehena ya saruji. Mimi hata chai naiunguza. Aliyekuwa anakaanga kitunguu ni baba yako, na aproni yake ya kutengenezea saa.

Kwa hilo peke yake nisingeandika, sifa za bure nani anazikataa? Naandika kwa ajili yake. Kile kipindi ulicholia ukinisifu kwa mapishi alikitazama mpaka mwisho. Akaosha kikombe chake, akafuta sufuria zote, akazipandisha juu ya kabati. Tangu siku hiyo hajapika. Tunakula mkate na mayai, na mayai nachemsha mimi, kwa hiyo ujue hali ilivyo. Nikimuuliza, anasema hana njaa. Kwa nini ulisema ni mimi?

Mama yako

17 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, homa imeisha. Mgongo umeupaka dawa? Baba mwambie namwamkia sana.

Barua yako imenikuta studio nimepakwa poda usoni kama andazi, nikacheka mpaka wakanipaka upya. Huyo binti ni meneja wangu. Ameomba radhi, halafu akauliza kama anaweza kuisoma barua yako kwenye kipindi. Nimemkatalia.

Mama, mimi sikujitungia. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu alituuliza kwetu nani hupika. Nikasema baba. Darasa zima likaangua kicheko, na habari zikafika mtaani kabla yangu. Watu wazima wakawa wanapita dirishani kwa baba wanapiga miluzi: "Mama mpishi, saa yangu imeiva?" Wewe ulikuwa safarini. Baba akanikalisha kwenye kile kiti cha wateja akaniambia, "Ukiulizwa tena, sema mama." Basi nimesema mama tangu siku ile. Mtandaoni waliponiuliza nani alinifundisha, vidole viliandika mama kabla sijafikiri. Watu wakapenda. Kikawa kipindi, na sasa kinakuwa kitabu, jina ni lile lile, Jiko la Mama. Picha ya jalada ni mikono ya mwanamke tuliyemkodisha, usikasirike.

Sasa naomba msaada. Siku ya kukizindua kitabu, kituo kinataka nipike na wewe, moja kwa moja hewani. Nimejaribu kukwepa, nimeshindwa. Maharage nitayapika mapema, wewe utakoroga tu na kutabasamu. Nikikataa watauliza kwa nini, na wakichimba, nimekwisha. Kila nilichojenga kimesimama juu ya neno hilo moja. Mwambie baba aelewe. Mimi namlinda yeye.

Wako mtiifu,
Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Salaam nyingi. Sisi tunaendelea. Vidole vyangu ndivyo wagonjwa wapya, utaelewa.

Nilimsomea baba yako barua yako yote, hata ya mikono ya kukodi. Aliendelea kukaza kifuniko cha saa ya mtu. Alipomaliza akasema, "Ni kweli nilimwambia. Nilimwambia kwa mtaa mmoja. Sikujua mtaa utakuwa mkubwa hivi." Basi. Nikadhani yameishia hapo, nikaanza kukuandikia kwamba siji, upende usipende.

Kesho yake nimerudi na lori, nakuta sufuria moja imeteremshwa na meza ya saa imefutwa. Ameweka vitunguu pale panapokaa saa za watu. Nikafurahi, nikajua leo tunakula. Akanipa kisu. Nikamuuliza hii ni nini tena. Akasema, "Kukoroga tu hakutoshi. Mtu akikutazama unavyoshika mwiko atajua. Mtoto asije akaaibika." Mwanangu, nilikaa chini. Tumeoana miaka yote hii na sijawahi kumwona akijifuta kwenye hadithi yake mwenyewe namna ile, kama anavyofuta meza, polepole, bila kuacha alama.

Sasa kila nikirudi nafundishwa. Mwalimu ni mkali. Kitunguu nakikata kama natengua gurudumu, anasema, na anakitupa. Yeye hakorogi ovyo, unakumbuka? Anainama anatega sikio kwenye sufuria vilevile anavyotega kwenye saa. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta kinapiga kelele, kelele zikipungua ndipo anaendelea. Mimi nilizoea kusikiliza injini, kwa hiyo hapo tu ndipo ananisifu. Yeye mwenyewe mwiko haushiki. Anasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

Nitakuja. Lakini moyo wangu haujatulia, nakwambia wazi. Mwambie huyo binti mimi sivai viatu virefu.

Mama

20 Aprili

Mpendwa Mama,

Tunafurahi mno kwa kukubali kwako kushiriki nasi katika tukio hili la kipekee. Gari litakuchukua asubuhi. Tafadhali vaa rangi isiyo na mistari. Jukwaani utakaa kushoto kwa Mpishi Mwiko. Mzee ametengewa kiti cha mbele, na kadi yake itaandikwa "Mume wa Mama". Karibuni sana.

Mama, hayo juu kaandika meneja, mimi nimesaini tu. Huku chini ni mimi. Shikamoo. Nimesoma kuhusu kitunguu na sikio mara nyingi. Nilikuwa nimesahau lile sikio. Hebu niulizie kwa baba jambo moja: chumvi alikuwa anatia wakati gani? Mimi natia mwanzoni na haiwi ladha ile. Wafuasi hawajui tofauti. Mimi najua.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Sisi tuko salama.

Baba yako haji. Anasema ana saa ya mteja inayochelewa. Hiyo kadi ya Mume wa Mama aliisoma, akaitumia kuegemezea mguu wa meza unaotikisika.

Kuhusu chumvi, nilimuuliza. Akasema, "Amuulize mama yake." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Na mimi sijui, maana sehemu ya chumvi anaifanya yeye nikiwa nimeenda kunawa.

Tutaonana huko.

Mama

24 Mei

Mama,

Shikamoo. Ulifika salama? Nilipotoka kwenye ile purukushani nikaambiwa umeshaondoka, eti una shehena. Sikupata hata kukushika mkono, kwa hiyo naandika niliyotaka kukwambia pale.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kila neno litakalosemwa. Halafu ukashika kitunguu, ukakisimamisha wima kwanza kama anavyokisimamisha yeye, ncha ya ulimi imetoka pembeni. Ukakitia kwenye mafuta, ukainama ukatega sikio. Watu wakacheka kidogo. Mtangazaji akauliza, "Mama, unasikiliza nini?" Ukamjibu, "Mimi sijui, mwalimu wangu kaniambia nisikilize." "Mwalimu gani tena, mama?" Ndipo ukanitazama. Ungeweza kusema chochote, ukaniachia mimi.

Nilikuwa namwona yeye, mama. Umesimama wewe, lakini mgongo ule ulioinama ulikuwa wake, na alikuwa nyumbani na saa ya mtu. Nikasema, "Ni baba. Aliyenifundisha mimi ni baba, na mama pia kafundishwa na baba. Mama yangu ni dereva wa lori." Ulivyosema, "Na chai naunguza," hapo ndipo nilipopata pumzi.

Mengine utakuwa umeyasikia. Meneja ameacha kazi. Wachapishaji wamezuia kitabu, wanasema jalada ni uongo, na ni kweli ni uongo. Kituo kimekipumzisha kipindi. Mtandaoni naitwa Mwongo wa Maharage, na wapo walioweka picha yangu nikilia wakaiwekea muziki. Wapo pia wanaoandika kwamba na kwao baba ndiye alipika, lakini hao si wengi kama ungependa kuniambia ukinifariji.

Hayo nayabeba. Linaloninyima usingizi ni lingine. Baba aliniagiza kitu kimoja tu maishani, na nimelivunja agizo lake mbele ya watu wote. Sijui kama nimempa kilicho chake au nimemrudishia ile miluzi dirishani. Aliona? Alisema nini? Niandikie hata kama ni baya.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Macho yana nafuu, nimebadilisha taa. Mama yako yuko safarini, kaniachia barua yako mezani na kalamu juu yake, ndiyo maana nakuandikia mimi. Mwandiko uvumilie.

Niliona. Kitunguu kiliungua. Nilimwambia moto mdogo, lakini yeye akiona jiko anakanyaga mafuta. Na wewe ulisimama umeziba mwanga wake. Mpishi hasimami hivyo.

Miluzi ilikuja, usijidanganye. Siku ya kwanza walipita dirishani wale wale, sasa wana mvi. Mmoja akaita, "Mama mpishi, imeiva?" Nikamjibu bado, asubiri. Akadhani natania. Nikateremsha sufuria zote. Ilipoiva nikamwita, akaingia akala, akarudi tena na wenzake. Sasa wanakuja na saa ambazo hazijaharibika ili wapate sababu ya kukaa. Wanacheka sana. Waache wacheke, wanacheka midomo imejaa.

Lile agizo nilikupa siku niliyokuwa na hasira na watu, nikakupa wewe ulibebe. Wewe ulikuwa mtoto, ukabeba. Umelitua, basi. Nilifurahi. Sikumwambia mama yako, wewe nakwambia.

Ukipika tena mbele ya watu, usilie, machozi yanaingia kwenye chakula. Ukija, njoo na sufuria yako, zangu zina kazi. Ujumbe wa simu usinitumie, sitaki kujibiwa kwamba mimi ni shabiki.

Uliuliza kuhusu chumvi. Ni mwisho, maharage yakishaiva. Ukiwahi, ngozi yake inakuwa ngumu.

Baba